Kwa wanaoanza ufundi wa matandiko ya farasi

Mnunuzi wa tandiko la bei kubwa hutazama kiti na rangi. Wewe anza na asichokiona, yaani kiunzi, fremu ngumu ya ndani ya tandiko. Pima kwa utepe kutoka katikati ya ukingo wa nyuma hadi kila chuma cha kuning'inizia kikuku, yaani pete ya kukanyagia mguu. Kushoto na kulia visipolingana, rudisha kiunzi kilikotoka. Hakuna ngozi wala sufu itakayonyoosha upogo huo. Mpandaji atakaa upande na mgongo wa farasi ndio utakaolipa.

Mikanda ikatwe kwenye ngozi ya mgongoni, sambamba na uti wa mgongo. Ngozi ya tumbo huvutika, hata ikionekana nzuri mezani. Mikanda miwili ya vikuku itoke ubavu kwa ubavu kwenye ngozi moja: mpandaji huingilia kushoto, kwa hiyo mkanda wa upande huo huvutika zaidi, na ukitoka kwenye ngozi nyingine tofauti huongezeka haraka. Kwa vipande vya ubavuni, geuza kigezo kabla ya kukata cha pili. Kukata viwili vya kushoto ni kosa la kuchekwa hadi likupate mwenyewe.

Mshono ndio utakaokula miezi yako. Unatumia uzi mmoja wa kitani wenye sindano butu kila ncha, na sindano zote mbili hupita katika kila tundu. Kata uzi wa urefu wa takriban mara 4 ya mshono, ngozi ikiwa nene ongeza, kisha uburuze kwenye nta ya nyuki mpaka nyuzinyuzi zilale. Toboa kwa msharasi wenye ncha ya umbo la almasi, tundu moja kwa wakati, mkono ukishika pembe ileile. Mkono ukizunguka kidogo tu, upande wa mbele utanyooka na wa nyuma utakwenda kombokombo. Kwa hiyo kazi ya mwanafunzi hukaguliwa kwa kugeuzwa.

Kosa lisiloonekana ni sindano ya pili kuchoma uzi wa kwanza ndani ya tundu. Uzi hunasa, mshono haukazi. Sindano ya pili inapoingia, uwe unauvuta uzi wa kwanza kinyumenyume. Ukigoma kusogea, umeshachomwa, toa sindano urudie. Kaza mikono yote miwili kwa nguvu sawa, na mwisho wa mshono rudi nyuma matundu 2 au 3.

Mapigo 8 ya mshono kwa inchi yanatosha kwenye mikanda inayobeba uzito. Wageni hupenda 12 kwa sababu yanapendeza, lakini matundu yakibanana, ngozi hukatika kwenye mstari kama stempu ya posta. Weka urembo huo kwenye kingo zisizovutwa.

Ngozi ya kiti huvutwa ikiwa na unyevu, kisha huachwa ikauke taratibu mbali na moto. Ukiharakisha, hukakamaa na kupasuka. Misumari ya muda iwe ya shaba: ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti ikigusana na chuma ikiwa na unyevu hutoa madoa meusi ya wino, na hayo husumbua sana kuyatoa.

Mito ya chini hujazwa sufu iliyochambuliwa vizuri, konzi ndogondogo, ukianzia mbali na mwanya wa kujazia. Konzi kubwa huwa donge, na donge huwa kidonda. Pitisha kiganja ukibonyeza: mkono usihisi bonde wala jiwe. Mfereji kati ya mito upitishe vidole 3 hadi 4 kutoka mbele mpaka nyuma, usibane katikati. Usijaze mpaka mto uwe mgumu kama ubao. Lakini mwambie mteja mapema kwamba sufu mpya hushuka, na baada ya miezi michache tandiko lazima lirudi kwako kuongezwa.