Usiiite "anwani" tu: kwa wanaoanza kusoma msimbo (code) wa KVM

Wadogo zangu, kabla hamjagusa KVM, sehemu ya keneli ya Linux inayoendesha kompyuta pepe tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007, lieleweni kwanza neno moja: anwani. Mimi lilinikesha siku mbili chumbani kwangu Shangani, hapa Mtwara.

Nilikuwa naandika programu ya mazoezi, mgeni, yaani kompyuta pepe, nimempa MB 128 za kumbukumbu. Funksheni moja ilipokea kigeu nilichokiita addr. Ndani yake nilitarajia namba ya ukurasa, yaani 5. Mahali pengine nikapeleka anwani kamili, 0x5000. Funksheni ikaizidisha kwa 4,096, idadi ya baiti za ukurasa mmoja, ikatua MB 80 ndani ya kumbukumbu ya mgeni huyohuyo. Kwa kuwa bado ni eneo lake, hakuna kilichokwama. Nikawa nasoma sifuri tupu, na kosa nikalitafuta kwenye diski.

Anayejua korosho ataelewa haraka. Gunia lilelile linaandikwa kwenye daftari la chama cha msingi, kisha linaandikwa tena ghala kuu. Ukimwambia karani "mstari wa 40" bila kutaja daftari, atakuletea gunia la mtu mwingine, na litakuwa gunia zuri tu.

Kwenye KVM madaftari ni manne. gva ni anwani pepe inayotumiwa na programu iliyo ndani ya mgeni. gpa ni ile ambayo mgeni anaamini ndiyo RAM yake. hva ni anwani pepe upande wa mwenyeji, yaani mashine halisi inayomwendesha mgeni, ndani ya programu iliyotenga kumbukumbu hiyo, mfano QEMU. hpa ndiyo RAM yenyewe ya mashine. Halafu kuna gfn, namba ya ukurasa wa mgeni: kwa kurasa za KB 4, ondoa biti 12 za mwisho za gpa. gpa ikiwa 0x12345678, gfn ni 0x12345, na 0x678 ni nafasi ndani ya ukurasa.

Msitegemee kompaila. Fungueni faili la include/linux/kvm_types.h mjionee: gpa_t na gfn_t, aina za gpa na gfn, zote ni u64, yaani namba nzima ya biti 64 isiyo na hasi. Kwenye C, typedef ya namna hiyo ni jina la pili tu, ukiweka moja mahali pa nyingine hupati hata onyo. Kinachobaki kumlinda msomaji ni jina la kigeu. Kwa hiyo kama ni gpa, kiite gpa kuanzia kinapoingia hadi kinapotoka, na kwenye maoni na ujumbe wa logi pia. Kubadili kufanyike kwa funksheni inayotaja pande zote mbili, kama gfn_to_gpa, si kwa kusogeza biti kiholela katikati ya hesabu nyingine.

Mkikuta majina yamechanganyika kwenye msimbo wa wengine, yasahihisheni kwa pachi (badiliko linalotumwa kukaguliwa) ya peke yake isiyobadilisha utendaji. Mkaguzi aweze kuona kwamba ni majina tu yaliyohama.

Na siku mkifika kwenye mgeni aliye ndani ya mgeni, gpa zenyewe zinakuwa mbili, ya L1 (mgeni wa nje) na ya L2 (mgeni wa ndani). Hapo hata gpa tupu haitoshi. Tabaka nalo liwemo kwenye jina.