MRI ya shingo haioneshi kitu, mbona vidole bado vina ganzi?

SWALI: Dokta shikamoo. Nina miezi minne kidole kidogo na cha pete mkono wa kushoto vinakufa ganzi, usiku ndo balaa. Nimepiga MRI ya shingo, ripoti inasema diski ya C5-C6 (kile kipande laini kati ya pingili ya tano na ya sita ya shingo) imevimba kidogo ila mshipa wa fahamu haujabanwa. Sasa ganzi inatoka wapi, au wamekosea kusoma?

JIBU: Marahaba. Sidhani wamekosea. Diski ya C5-C6 ikibana, kawaida inagusa mshipa wa fahamu unaoitwa C6, na huo unaenda kidole gumba na cha shahada, wewe unalalamikia upande wa pili kabisa! Diski kuvimba kidogo hata watu wasio na maumivu wanayo, hasa umri ukisogea, kwahiyo usiibebeshe lawama zote. Mimi macho yangu yangeenda kwenye kiwiko, pale ukijigonga unapigwa kama shoti, mshipa wake ndo unahudumia vidole hivyo viwili, na kulala umekunja mkono kunaubana. Omba kipimo cha umeme wa mishipa, EMG, kinaonesha mshipa unavyofanya kazi wakati MRI ni picha tu, na damu nayo icheki sukari, vitamini B12 na homoni za thairoidi, ile tezi ya shingoni. Usiku jaribu kulala mkono umenyooka, funga taulo kwenye kiwiko. Ila ukianza kuyumba ukitembea, vifungo vya shati vikakushinda au mkojo ukagoma, usisubiri miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo.