Gari la kulala nyanda za juu kusini: siku zako ziweke kati ya Uyole na Matema

Mkuu, umeuliza kama wiki moja inatosha kutoka Iringa hadi Ziwa Nyasa na kurudi, mkiwa na watoto kwenye Hiace iliyowekewa kitanda. Kwa kufika tu, inatosha. Lakini kama mnataka kuiona nchi, Iringa laleni usiku mmoja, piteni Mafinga, Makambako na Chimala bila kuweka kambi, halafu siku zote zilizobaki mzimalizie kati ya Uyole, pembeni ya jiji la Mbeya, na Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Sisi tuna gari la aina hiyo hiyo, na kwangu hakuna kipande kingine cha barabara Tanzania hii kinachokifikia hicho.

Kutoka Uyole mnapanda milima ya Poroto, kwenye mashamba ya viazi. Juni na Julai baridi ya huko haina mchezo, bebeni mablanketi mazito. Usiku acheni dirisha wazi kidogo, la sivyo mtaamka vioo na godoro vimelowa. Ziwa Ngozi liko upande huo, ndani ya kasoko la volkano. Gari linabaki chini, mnapanda msituni kwa miguu na mwenyeji wa kuwaongoza. Njia inateleza, kwa hiyo watoto wavae viatu vya kushika, si ndala.

Kitulo mnaingilia njia panda ya Isyonje. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake. Tatizo ni kwamba maua huchanua msimu wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na tope la kule si la Hiace. Liacheni gari bondeni, mkodi Land Cruiser ya siku moja. Hiyo pesa msiionee uchungu.

Tukuyu kaeni hata siku tatu. Chai, migomba, parachichi, Mlima Rungwe juu yenu, na Daraja la Mungu kule Kiwira, mwamba wa asili uliovuka mto. Mvua inaweza kushuka wakati wowote, kwa hiyo turubai la kupikia chini yake ni lazima. Kulala, ombeni nafasi kwenye ua wa nyumba ya wageni mlipie kidogo. Mkiwa kijijini, kwanza nendeni kwa mwenyekiti mjitambulishe. Tumefanya hivyo kila mahali na tumepokelewa vizuri.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Kutoka Tukuyu hadi Kyela mnashuka karibu mita elfu moja, na gari lenu lina kitanda, maji, jiko na watu. Shukeni kwa gia ndogo tangu mwanzo. Mkisubiri mpaka breki zinuke, mmechelewa. Simameni njiani, nunueni ndizi, magurudumu yapoe.

Chini ni joto na mbu, kwa hiyo vyandarua vifungwe kabla ya magharibi. Piteni Ipinda hadi Matema, ambako milima ya Livingstone inashuka hadi majini. Pangeni mfike Ijumaa: Jumamosi kuna soko la vyungu Lyulilo, vyungu vya akina mama wa kabila la Wakisi kutoka kijiji cha Ikombe, vingine vikija kwa mitumbwi. Nunueni mchele wa Kyela na samaki mbasa mpike hapo hapo ufukweni.

Kurudi, mwageni maji ya tangi kabla ya kuanza kupanda, na mwondoke alfajiri injini isiteseke na joto.