Ramani ya matumizi ya ardhi: itazame ikiwa bado rasimu

Chemchemi yetu iko bondeni, chini ya mikuyu mitatu. Akina mama wameteka maji hapo tangu kabla sijazaliwa, na kiangazi kikikaza foleni ya mitungi hupanda hadi barabarani. Lakini rasimu ya ramani ya matumizi ya ardhi ya mji wetu ilipotandazwa mezani, bonde lote lilikuwa la rangi ya kahawia. Kahawia ni makazi. Chemchemi haikuwemo, palichorwa ploti za nyumba.

Naishi katika mji mdogo wa soko, magharibi ya Kenya, huku kwenye mawe makubwa na vishamba vya robo ekari. Nimeandika haya kwa sababu kaunti nyingi zinaendelea kuchora ramani kama hizi, na ningependa mwenzangu wa Vihiga, Siaya au Nakuru asichelewe kama tulivyokaribia kuchelewa sisi.

Kwanza, jinsi chemchemi ilivyopotea. Ramani ya msingi huanzia kwenye picha za setilaiti au za droni. Kutoka juu, mikuyu ni majani tu. Maji yaliyo chini yake hayaonekani, wala njia ya miguu inayopita kati ya migomba. Kwa hiyo baada ya picha maafisa wa mipango hutuma vijana kuzunguka mitaani na simu au vifaa vya GPS, wakiuliza na kuweka alama. Siku hiyo ndiyo yenye thamani kuliko mkutano wowote utakaofuata. Walipopita kwetu, wengi tulikuwa sokoni, na aliyewatembeza hakuwa mtu wa bondeni. Ukisikia wamefika, acha shughuli utembee nao. Waonyeshe kisima, njia ya watoto wa shule, mahali mafuriko hufika, na makaburi. Huku kwetu tunazika nyumbani, na mstari wa barabara mpya unaweza kupita juu ya kaburi la baba yako bila mchoraji kujua.

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti kazi ya mipango, na sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi ndiyo inayoeleza hatua zake. Kaunti hutangaza nia ya kuandaa mpango, hukusanya takwimu, huchora rasimu, huita wananchi, kisha hutangaza kwamba mpango umekamilika na watu waukague. Mpango wa kaunti nzima huishia mbele ya bunge la kaunti. Usiuchanganye na ule mpango wa maendeleo wa miaka 5, ambao watu huuendea kuomba zahanati na madaraja. Mpango wa ardhi wa kaunti ni wa miaka 10.

Nilisimama mkutanoni nikaeleza habari ya chemchemi. Watu walipiga makofi, nikaketi nikiamini yamekwisha. Ramani iliyokamilika ilipobandikwa, bonde lilikuwa kahawia vilevile. Niliumia sana. Maneno yangu hayakuwa kwenye karatasi yoyote.

Bahati nzuri tangazo lilikuwa limetoa siku 60 za kuleta pingamizi kwa maandishi. Tulikaa kwa mzee wa mtaa jioni mbili tukaandika barua ya ukurasa mmoja: nambari za ploti zinazopakana na chemchemi, kilichopo pale, rangi iliyowekwa, na badiliko tunalotaka. Watekaji maji 43 walitia sahihi, wengine kidole gumba. Tulipeleka nakala mbili, moja tukarudi nayo ikiwa na mhuri wa kupokelewa na tarehe. Nakusihi, usitoke ofisini bila mhuri huo. Pingamizi likikataliwa, kaunti huwa na kamati ya rufaa ya masuala ya mipango, na juu yake kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Huko kote utaulizwa ulilalamika lini na kwa maandishi gani.

Unapoenda kukagua, beba nakala ya hati na ile ramani ya mipaka yenye nambari za ploti. Bila nambari utazunguka na kidole juu ya karatasi mpaka uchoke. Soma rangi: zambarau ni viwanda, chungwa ni elimu, kijani ni burudani na maeneo ya wazi, manjano ni huduma za umma, nyekundu ni biashara, buluu ni maji na huduma kama hizo, kijivu ni barabara. Ukishaona shamba lako, usiondoke. Tazama majirani, tazama maji.

Wengi huogopa kwamba ramani itawanyang'anya shamba. Ramani haifuti hati miliki. Lakini siku utakapoomba kibali cha kujenga, kugawanya shamba au kubadilisha matumizi yake, afisa ataanza na rangi. Ndiyo maana hata anayenunua ploti aulize rangi kabla ya kulipa, maana madalali hawatamki habari ya rangi.

Wiki tatu baada ya barua, mpimaji alikuja. Nyasi zilikuwa zimelowa, tukashuka naye polepole. Aliweka kifaa chake juu ya jiwe la kufulia, akasubiri kitulie, akaandika. Kisha akainama akanywa maji kwa kiganja.

Mchoro uliorekebishwa una ukanda wa kijani bondeni na alama ndogo ya buluu chini ya mikuyu. Njia ya kushukia bado haimo. Barua ya njia hiyo iko tayari mezani kwangu, imebaki sahihi za wazee wawili, nami nitawapitia kesho asubuhi kabla hawajaenda shambani.