Picha za mahafali: kwa mzazi anayekwenda mara ya kwanza

Siku ya mahafali ya mwanangu wa kwanza nilimpiga mtoto wa watu picha kumi na nne. Majoho yale yale, kofia zile zile, na kwa mbali hata vimo vilifanana. Nilikuja kushtuka wangu anashuka ngazi za upande wa pili, cheti mkononi.

Kwa hiyo asubuhi, kabla hamjaachana, muulize mwanao: unakaa safu ya ngapi, na nani anakutangulia kwenye foleni? Tazama na viatu vyake, maana joho haliwezi kuvificha. Huyo anayemtangulia ndiye wa kufanyia majaribio. Mpige kwanza, tazama kioo haraka: uso umeungua kwa mwanga? Mkono umetoka na ukungu? Una sekunde chache tu za kurekebisha, lakini zinatosha.

Ukumbini fika mapema uone ngazi ipi ya kupandia na ipi ya kushukia. Kaa upande wa kushukia, kwa sababu mtoto atakuwa anakuja kuelekea kwako. Upande wa kupandia utaambulia kisogo. Na tafadhali, usisimame katikati ya njia. Nyuma yako kuna mzazi mwingine aliyelipa ada kama wewe.

Flashi izime. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga wake unaofika hubaki robo tu, hivyo ukiwa safu ya kumi utamulika vichwa vya walio mbele yako na jukwaa libaki giza. Kama kamera yako inakuruhusu kuchagua, weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, iwe 1/250 ya sekunde, na upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600, hata 3200. Picha itakuwa na chembechembe kidogo. Chembechembe zinavumilika, ukungu wa mtoto aliyetikisika hauna dawa.

Jambo lililonitesa kuliko yote ni weusi wa majoho. Kamera hukisia kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni cha kijivu. Ikiona nguo nyeusi tupu inadhani pana giza, inaongeza mwanga, na nyuso zinakuwa nyeupe kama karatasi. Mimi sikujua, nikawa nalaumu lenzi. Punguza mwanga kidogo wewe mwenyewe. Kwenye simu nyingi unagusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha unateremsha kwa kidole alama ya jua inayotokea pembeni. Joho likitoka jeusi tii, uko sawa.

Kuvuta picha karibu kwa vidole viwili usizidishe: ukishapita uwezo wa lenzi, simu inakata tu kipande cha picha na kukipanua. Futa lenzi kwa kitambaa laini, maana mafuta ya vidole hufanya kila taa iote ndevu. Betri ijae, nafasi iwepo. Video au picha, chagua kimoja; ukitaka vyote, mpe mwenzako kimoja.

Kofia zikirushwa, rudi nyuma hatua kadhaa, ongeza kasi ya shata hadi 1/1000 na ushikilie kitufe ili kamera ipige mfululizo. Hapo hakuna ufundi mwingine.

Ila picha ninazozipenda hazikutoka jukwaani. Zilitoka nje, baada ya hotuba, watoto wakirekebishana kofia na bibi akishika cheti kwa mikono miwili kama kitakachovunjika. Watafutie kivuli. Jua la mchana chini ya ukingo wa kofia ya mahafali huweka weusi machoni, na wote watatoka wamekunja uso.

Katika picha za mahafali yale ya kwanza mimi simo hata moja. Mara ya pili niliiweka kamera ijiendeshe yenyewe, nikampa kijana aliyekuwa karibu, nikaenda kusimama na mwanangu. Imetoka imepinda kidogo. Ndiyo iliyoko ukutani.