Draiva moja tu kwa upepo wa Dodoma: Leopard au Teebird?

Juzi dogo mmoja kanitumia meseji ya diski gofu (gofu ya kutupa diski mpaka kwenye kikapu kwa mitupo michache), "Kaka, hela yangu inatosha draiva moja tu ya feawei, nichukue Leopard kama yako?" Draiva ya feawei ni diski ya kutupa mbali kiasi, na Leopard na Teebird ni mbili kati ya hizo, za kampuni ya Innova. Dogo umenigusa pabaya, maana hiyo Leopard ndo imenidhalilisha Jumamosi.

Ilikuwa hivi. Tunacheza Iyumbu, vikapu hatuna, tunalenga shina la mbuyu, anayeshindwa ananunua zege. Tumefika shimo la mwisho naongoza kwa mtupo mmoja, upepo wa Agosti unapiga usoni, vumbi mpaka kwenye meno, na mimi kwa kiburi nikachomoa Leopard yangu ya plastiki ya DX, ya miaka miwili. Ikatoka vizuri, halafu ikalala kulia, ikazidi kulala, haikurudi, ikaenda kuingia kwenye zizi la bibi mmoja pale jirani. Bibi akaitoa na kijiti, akaniuliza, "Mjukuu wangu, sahani nzima unaitupa ya nini?" Washkaji wanacheka mpaka leo, na zege nililipa mimi.

Diski haina kosa, kosa langu. Leopard ikiwa mpya namba zake ni 6, 5, -2, 1, yani spidi 6, inaelea vizuri, inavutika kulia kidogo (kwa sisi wa mkono wa kulia tunaotupa bekihendi, mkono ukianzia upande wa kushoto wa mwili) kisha inarudi kushoto kidogo. Ila DX ni plastiki laini, mkononi inashika hata ukiwa na jasho, lakini mawe ya huku bwana! Pitisha kidole ukingoni mwa yangu utadhani msumeno. Ukingo ukishaliwa diski inazidi kulala kulia, na upepo wa usoni unamalizia kazi.

Teebird yangu ya Champion (plastiki ngumu zaidi), gramu 175, nilianza nayo siku moja na hiyo Leopard. Namba zake 7, 5, 0, 2. Imegonga mawe yaleyale, ina mikwaruzo tu, ukingo mzima. Upepo ukija inanyooka halafu inarudi kushoto kama mbuzi anayejua kwao, na ukitupa fohendi (mkono ukianzia upande wa kulia) inarudi vilevile, ila kulia. Ubaya wake plastiki inateleza, na kama mkono bado hauna nguvu itadondoka kushoto mapema, utaichukia mwezi mzima. Vumilia.

Kwa hiyo dogo, kama ni moja, chukua Teebird ya Champion. Na niseme ukweli hata kama mtanuna, nyie vijana mnaangalia video halafu mnataka diski za spidi 12, zile zinazotaka mkono wenye nguvu, mtu mita 60 hafikishi anataka spidi 12, itafika wapi? Heshimuni draiva za feawei kwanza, mkono ujengeke, mimi nilijifanya mjuaji na mmeona zizi lilivyonifanya.

Leopard siitupi lakini. Upepo ukiwa mgongoni naitoa, na ile kona ya kulia kwenye migunga hakuna diski nyingine inayoizunguka vile. Jumamosi narudi nayo, ila bibi kashasema ikiingia tena zizini anawekea kuku maji.