Kupiga picha za karibu za injini kuukuu kwa filamu nyeusi-nyeupe

Visiagi vingi huku Nyanza siku hizi vinaendeshwa kwa stima, lakini pembeni huenda ukakuta injini ya dizeli ya Lister, au nakala yake kutoka India, imefunikwa gunia. Anza na kile kibati cha shaba chenye namba ya injini. Kwenye Lister halisi kitataja Dursley, mji wa Uingereza ilikoundwa.

Kwa nini kibati? Picha ikilingana na kitu chenyewe kwa ukubwa (1:1), kwa f/8 (kipimo cha tundu la lenzi; namba ikikua, tundu hupungua) sehemu inayotoka kali ni kama milimita 1 tu. Ukifunga hadi f/16 unapata karibu 2, ila hapo lenzi inafanya kazi kama f/32 na picha nzima inapoteza ukali. Gia iliyokaa mshazari itakushinda. Kitu bapa kinawezekana, mradi filamu iwe sambamba nacho.

Usambamba huo usiupime kwa macho. Shikilia kioo kidogo bapa juu ya kibati, kisha chungulia kwenye kamera. Utaona taswira ya lenzi yako, yenye ukungu, haidhuru. Ikikaa katikati kabisa, umepata. Ikiwa imeenda kando, zungusha kamera kidogo kidogo mpaka irudi, ndipo uondoe kioo na kuweka fokasi.

Lenzi ya milimita 50 ikiongezewa pete za milimita 50, zinazoisogeza mbali na filamu, hupoteza stopu 2, yaani hubaki robo ya mwanga. Mita ya mwanga iliyo ndani ya kamera huuona upungufu huo. Ya mkononi haiuoni, kwa hiyo sekunde 1 iwe 4. Na FP4 Plus, filamu nyeusi-nyeupe ya Ilford, huchoka kwenye mwanga mrefu: hizo 4 zifanye karibu 6. Hapa ndipo wengi hupata negativu nyembamba, yaani hafifu, na kuilaumu dawa.

Weka shata kwenye B (hubaki wazi muda wote unaobonyeza), ziba lenzi kwa kadi nyeusi bila kuigusa, fungua, subiri mtetemo uishe, toa kadi, hesabu, rudisha. Injini ya jirani ikinguruma kwenye sakafu hiyo hiyo, acha kwanza.

Kutu na rangi ya kijani hutofautiana machoni, lakini kwenye filamu huweza kuwa kijivu kimoja. Chujio la kijani hutia kutu weusi na kung'arisha rangi. La machungwa hufanya kinyume. Kwa herufi zilizogongwa, leta tochi chini kabisa kutoka ubavuni, na karatasi nyeupe upande wa pili. Grisi ipanguse kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya taa huacha mng'ao.

Pete zibadilishie nje, maana unga unaoelea ndani ya kisiagi hutua kwenye filamu na kuacha madoadoa.

Wakati wa kusafisha, filamu hiyo kwenye dawa ya ID-11 ya 1+1 (dawa na maji kiasi sawa) huhitaji dakika 11 kwa nyuzi 20. Maji ya Kisumu mara nyingi ni moto kuliko hapo. Tia chupa za dawa kwenye karai la maji ya barafu, na maji ya kusuuzia pia yapoe vivyo hivyo, kwani filamu iliyolainishwa na joto huchubuka hata kwa kidole.